Amritsar hadi Manali na marafiki: mwongozo wa siku kumi kwenye mahekalu na miji ya milimani India

Kabla hamjafungua ramani, chagueni mhazini. Nimewaona marafiki wa tangu chekechea wakinuniana kwenye stendi ya Pathankot kwa sababu ya rupia mia mbili za teksi, huku milima yenye theluji ikionekana kwa mbali na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuitazama. Njia ninayoieleza hapa nimeipita mara tatu nilipokuwa nasoma Punjab, na kila mara nilikuwa na kundi jingine la Waswahili. Inaanzia Amritsar kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, inapanda Dharamshala kwa Watibeti, inakata bonde la Kangra lenye mahekalu ya kale ya Kihindu, kisha inaufuata mto Beas hadi Manali. Siku kumi zinatosha. Mkiwa na saba, kateni kituo kimoja au viwili, nitawaambia vipi.

Namwandikia hasa mwanafunzi aliyeko India, na yule aliyekuja kumuuguza ndugu Delhi au Chandigarh, mgonjwa akapona, na tiketi ya kurudi bado ina wiki mbili. Anayetoka moja kwa moja Dar, Nairobi au Bujumbura naye itamfaa, ila azingatie zaidi ile hatua ya makaratasi.

Hatua ya 1: Hesabu watu kwa viti vya teksi

Idadi nzuri ni wanne au sita. Teksi ndogo za milimani hubeba abiria wanne, tena wenye mabegi ya kiasi. Mkiwa watano mnalazimika kukodi gari kubwa, na kiti kitupu mnakilipia. Safari yangu ya kwanza tulikuwa watano: Watanzania watatu, Mkenya na Mrundi. Hesabu hiyo ilitukumbusha makosa yetu kila asubuhi.

Mwezi nao una maneno yake. Machi hadi katikati ya Juni ni pazuri, na Septemba ya mwishoni hadi Novemba ni pazuri zaidi kwa sababu mvua imeosha hewa na theluji ya vilele inaonekana wazi. Julai na Agosti kaeni mlipo. Dharamshala ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa India, na barabara za milimani hukatwa na maporomoko. Julai 2023 mafuriko ya Beas yalizoa vipande vya barabara kuu ya Mandi hadi Manali, na Agosti 2022 daraja la reli la Chakki karibu na Pathankot lilikuwa limeshabebwa na maji. Atakayewaambia kwamba nauli za msimu huo ni rahisi hajadanganya, lakini mwulizeni alikaa njiani saa ngapi.

Halafu zungumzeni mambo ya dini kabla ya safari, msiyaache mpaka mlangoni pa hekalu. Kundi letu lilikuwa na Waislamu na Wakristo. Wengine walikuwa tayari kuingia kila mahali kama wageni. Mmoja, kijana wa Tanga, alisema wazi kwamba hataingia panapofanyika ibada ya sanamu. Tukakubaliana naye bila kubishana, akawa mlinzi wa viatu na simu zetu. Yeye ndiye aliyepata faida kuliko sote: kila tulipotoka tulimkuta ameketi kwenye benchi la duka fulani, anakunywa chai ya bure na kupiga soga na mwenye duka. Hakuna anayekulazimisha kuabudu. Ukipewa prasad, ile sadaka ya utamu au matunda iliyokwisha kutolewa kwa mungu wao, na dini yako hairuhusu, weka mkono kifuani, tabasamu, na tikisa kichwa taratibu. Wamezoea.

Hatua ya 2: Makaratasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Viza ya kitalii huombwa mtandaoni, na iombeni kwenye tovuti ya serikali yenyewe, maana zinazojifanya ndiyo ni nyingi na hutoza maradufu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, isiwe kwenye sanduku. India hawana mzaha na hilo: anayetoka nchi waliyoiorodhesha bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Gesti yoyote inayompokea mgeni wa nje hutakiwa kumwandikisha serikalini kwa fomu wanayoiita Fomu C, na gesti nyingi ndogo hazitaki usumbufu huo. Mandi tulifika saa mbili usiku, tumelipia vyumba mtandaoni, tena tumepata na ujumbe wa kuthibitisha. Mtu wa mapokezi akaziangalia pasipoti zetu tano, akazirudisha zikiwa zimepangwa vizuri, akasema wageni wa nje hapokei. Tulizunguka na mabegi karibu saa nzima. Tangu siku hiyo napiga simu mwenyewe siku moja kabla na kuuliza swali moja: "Foreigner allowed?" Kiingereza hichohicho kilichovunjika ndicho kinachoeleweka. Mwanafunzi abebe pia kibali chake cha kukaa na kitambulisho cha chuo.

Kila mmoja awe na nakala tatu za pasipoti na viza, na picha ndogo nne. Laini ya simu nunueni mjini mkubwa, Delhi au Amritsar. Huko juu mtaambiwa mje kesho.

Hatua ya 3: Mfuko wa pamoja

Hii ndiyo hatua niliyoianza nayo pale juu. Siku ya kwanza kila mtu atoe kiasi kilekile, tuseme rupia 5,000, kwa mhazini. Mfuko unalipa vitu vinavyoliwa au kutumiwa na wote: teksi, basi, vyumba, maji, chakula cha mezani. Mfuko haulipi shali ya mtu, wala chai ya tatu ya mtu, wala sigara. Ukifika robo, mhazini anatangaza na wote wanachanga tena kwa usawa.

Hesabu zisomwe kila usiku wakati wa kula, kwa sauti, hata kama wote wamechoka. Dakika mbili tu. Tuliporuka usiku mmoja, kesho yake asubuhi Mkenya wetu alikuwa na hesabu yake kichwani, mhazini ana yake kwenye daftari, na zilipishana kwa bei ya sahani moja ya momo, vile visambusa vya mvuke vya Kitibeti. Sahani moja! Walinuniana kutwa.

Wahindi wenyewe hulipa karibu kila kitu kwa simu, hata muuza karanga ana karatasi ya kuskani. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko hawezi kuitegemea njia hiyo, na mashine za ATM za miji midogo mara nyingi huikataa kadi ya nje. Toeni fedha taslimu Amritsar, halafu tena Dharamshala. Noti ya rupia 500 ivunjwe mapema, kwa sababu dereva wa milimani siku zote hana chenji.

Kuhusu teksi, msipoteze nguvu kupatana. Miji mingi ya Himachal, jimbo la milima hii, ina vyama vya madereva na bei zimeandikwa kwenye ubao mkubwa pale stendi. Piga picha ubao huo, panda gari.

Hatua ya 4: Amritsar, usiku mbili

Kutoka Delhi ni treni ya mchana ya saa sita hivi. Kateni tiketi mapema, maana orodha ya kungojea si tiketi.

Msomaji wa Kenya anayepita barabara ya Mombasa anaijua gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya Makindu, ambako dereva wa lori na familia yenye gari lake hula meza moja bila kulipa senti. Masingasinga waliofika na ujenzi wa reli ya Uganda ndio walioleta desturi hiyo, na hapa Amritsar ndipo kwao. Jiko la Hekalu la Dhahabu linalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, mchana na usiku, dini yoyote. Chakula hicho kinaitwa langar.

Taratibu ni hizi. Viatu na soksi mnaacha kwenye kibanda, mnapewa kipande cha chuma chenye namba. Kitunze, usikitie mfuko uliotoboka. Kichwa kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Kofia ya besiboli haikubaliki, kitambaa cha kichwa kinapatikana pale mlangoni bure, na mwenye mtandio wake ameshamaliza. Sigara, tumbaku na pombe visiwemo hata mfukoni. Mlangoni mtapita kwenye maji ya kina kifupi, miguu inajiosha yenyewe. Kisha zungukeni bwawa kwa kwenda kushoto, ili hekalu liwe upande wenu wa kulia. Muislamu aliyeshatufu Makka itamchukua hatua kadhaa kuzoea, maana ni kinyume cha tawafu. Utaratibu huo wa kuzungukia kuliani mtaukuta kwa Wahindu na Wabudha pia, kwa hiyo jifunzeni hapa mara moja.

Kwenye langar mnapewa sinia la chuma, mnaketi chini kwa mistari. Anapita mtu na ndoo ya dengu, anapita mwingine na wali wa maziwa, anapita wa tatu na kapu la chapati. Chapati haiwekwi kwenye sinia. Unanyoosha viganja viwili pamoja, kama anayeomba dua, naye anaidondosha humo ikiwa bado ina moto. Mrundi wetu alinyoosha mkono mmoja. Mzee akasimama tu na chapati yake hewani, akatabasamu, akangoja. Alingoja mpaka mkono wa pili ulipokuja. Maliza ulichopewa, na usiombe kingi kuliko tumbo lako. Mkimaliza nendeni mkasaidie kuosha vyombo au kusukuma chapati. Mnakaribishwa bila kuulizwa jina.

Rudini usiku. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, hutolewa hekaluni kwa kiti cha kubebwa mabegani na kurudishwa kabla ya alfajiri. Taa zote ziko majini wakati huo. Kupiga picha ndani ya hekalu lenyewe hakuruhusiwi.

Kwa wenye mfuko mwembamba, kuna malazi ya mahujaji yenye sehemu ya wageni wa nje. Vitanda ni vya pamoja, unaacha sadaka unayoweza, na hukai zaidi ya siku tatu.

Hatua ya 5: Kupanda Dharamshala

Ni kama kilomita 200 kupitia Pathankot, saa tano au sita. Reli nyembamba ya bonde la Kangra, iliyofunguliwa 1929, ni safari tamu sana, lakini tangu lile daraja la Chakki libebwe na mafuriko huduma yake imekuwa ya kukatikakatika. Ulizeni stesheni siku hiyohiyo, wala msiipangie ratiba. Basi la serikali ndilo la kutegemea.

Anayetapika garini akae karibu na dereva, ale kidogo, na ameze kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla ya kona kuanza. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia pia. Mama yangu alinifundisha hivyo njia ya Lushoto na kule imefanya kazi vilevile.

Msilale Dharamshala ya chini. Pandeni hadi McLeod Ganj, kilomita chache juu, mahali ambapo Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alihamia 1960 baada ya kukimbia Tibet mwaka uliotangulia. Urefu ni kama mita 2,000 juu ya bahari, yaani Njombe: mchana fulana, jioni sweta, usiku blanketi mbili. Lala hapo usiku tatu. Vikundi vingi hukaa mmoja na kukimbilia Manali. Wanakosea, na mimi mwenyewe safari ya kwanza nilikosea hivyohivyo.

Siku moja ni ya hekalu la Dalai Lama, Tsuglagkhang, na njia ya kukizunguka kilima chake. Hekaluni kuna ukaguzi mlangoni, njiti na viberiti viachwe gestini. Msielekeze nyayo zenu kwenye sanamu mnapoketi. Magurudumu ya sala, yale mapipa ya shaba yanayozungushwa, yasukumeni kwa mkono wa kulia, yazunguke kama mishale ya saa. Mchana mkibahatika mtawakuta watawa wakifanya mdahalo uani: mmoja ameketi, mwingine anasimama mbele yake, anauliza swali na kugonganisha viganja vyake kwa kishindo mbele ya uso wa aliyeketi, karibu kabisa na pua. Ukiangalia kwa mbali utadhani ugomvi.

Njia ya kuzunguka kilima ipiteni saa kumi na mbili asubuhi. Ndio wakati wa bibi wa Kitibeti. Wanatembea polepole, aproni zenye mistari viunoni, shanga za sala mkononi kama tasbihi, midomo inacheza bila sauti. Mmoja alisimama akatazama nywele za dada yetu aliyesukwa rasta, akagusa suka moja, akaonyesha zake mbili nyeupe zilizosukwa mpaka kiunoni. Wakacheka wote wawili. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja.

Siku ya pili, wenye miguu wapande Triund. Ni mita 2,850 hivi, juu kidogo ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, ila huku unarudi jioni. Beba pasipoti kwa ajili ya kuandikishwa njiani, maji lita mbili, na koti la mvua hata kama jua linawaka. Anayeumwa kichwa ashuke, na asishuke peke yake.

Hatua ya 6: Siku ya moto, Kangra na Jwalamukhi

Kodini gari moja kwa siku nzima kutoka McLeod Ganj. Kangra ina hekalu la Brajeshwari, lililobomoka katika tetemeko la tarehe 4 Aprili 1905 lililoua watu wapatao 20,000 bondeni humo, likajengwa upya. Msikae sana. Jambo lenyewe liko mbele, mwendo wa saa moja.

Jwalamukhi hakuna sanamu. Kinachoheshimiwa ni moto: gesi inatoka kwenye nyufa za mwamba na kuwaka yenyewe. Nilidhani nitakuta tanuri. Foleni ilitusukuma hadi kwenye kijishimo chenye fremu ya fedha, na humo mlikuwa na ulimi wa moto wa urefu wa kidole, bluu chini na njano juu, unatetemeka kila mtu alipopumua. Harufu ya gesi ilikuwa hafifu kama jiko lililofungwa vibaya. Mama mmoja mbele yetu alipitisha viganja juu yake akajipaka usoni, akasukumwa, akaondoka. Sekunde nne au tano, zimekwisha. Kuna ndimi nyingine kadhaa ndani, kila moja na jina lake la mungu wa kike. Wanasimulia kwamba mfalme Akbar alijaribu kuuzima, akashindwa, akaleta mwavuli wa dhahabu.

Ngozi haipendezi kwenye mahekalu ya Kihindu, kwa hiyo mkanda na pochi ya ngozi viacheni garini. Viatu bila shaka. Mtu atakayewafuata akijitolea kuwafanyia sala kwa haraka atataka malipo makubwa mwishoni. Sadaka tieni kwenye sanduku, wala si mkononi mwa mtu. Epukeni siku tisa za sikukuu ya Navratri, mara moja majira ya Machi na Aprili, mara nyingine Septemba na Oktoba. Foleni siku hizo ni ya saa nyingi.

Hatua ya 7: Baijnath na Bir, usiku mmoja

Njiani kuna mashamba ya chai ya Palampur, na mtu wa Mufindi au Kericho atajisikia nyumbani. Baijnath mjipe saa moja. Hekalu la Shiva, mungu wa Kihindu anayeitwa hapa bwana wa matabibu, limejengwa kwa mawe na wafanyabiashara wawili ndugu; maandishi ya ukutani yanautaja mwaka 1204. Sehemu nyingi za India ya kaskazini sikukuu ya Dussehra huchomwa sanamu kubwa ya Ravana, yule mfalme mbaya, lakini Baijnath hawamchomi. Ravana, wanasema, alikuwa mcha Shiva kuliko wote, na huwezi kumchoma mcha Mungu mlangoni pa Mungu wake.

Bir ni kwa wanaotaka kuruka kwa parashuti kutoka Billing, mlimani juu yake. Anayetaka aruke asubuhi, na rubani aonyeshe leseni kabla hajaonyeshwa pesa. Fedha hiyo haitoki kwenye mfuko wa pamoja! Asiyetaka atembelee nyumba za watawa, chini, kwa miguu.

Hatua ya 8: Mandi, au msilale

Mandi inajulikana kwa wingi wa mahekalu yake ya mawe kando ya Beas, na wakati wa Shivratri, sikukuu ya Shiva, miungu ya vijiji hubebwa hadi mjini. Nje ya msimu huo, mkiwa na siku saba tu, hapa ndipo pa kukata. Wenye siku kumi wapande ziwa la Rewalsar, dogo, la kijani, ambalo Wahindu, Wabudha na Masingasinga wote wanaliheshimu, kila mmoja kwa kisa chake. Juu yake imeketi sanamu ya Padmasambhava, mwalimu wa kale wa Kibudha, ya zaidi ya mita 37. Samaki wa ziwani hawaliwi, wanalishwa.

Hatua ya 9: Manikaran

Shukeni Bhuntar, kateni kulia bonde la Parvati, kilomita 35 za barabara nyembamba. Chemchemi zake zinachemka kweli: wali wa gurudwara hupikwa kwa kuvitumbukiza vyungu majini, na wageni huning'iniza vifuko vya kitambaa vyenye mchele au maharage, wakavuta baadaye vimeiva. Sakafu ya mawe inaunguza miguu mitupu, tafuteni zulia. Kuoga kupo, wanawake kwao na wanaume kwao.

Bonde hili lina bangi nyingi, na vijana watawanong'oneza. Sheria ya India ni kali, polisi husimamisha magari ya wageni na kupekua mabegi. Kundi zima linaweza kulala ndani kwa mfuko wa mtu mmoja. Semeni hili kabla ya kufika.

Hatua ya 10: Manali, usiku mbili au tatu

Kaeni Old Manali au Vashisht, si mjini kati. Hekalu la Hadimba limo ndani ya msitu wa mierezi, paa tatu za mbao zilizopandana na juu yake koni ya chuma, lilijengwa 1553. Hadimba katika Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Kihindu, ni jini mke aliyeolewa na Bhima, mmoja wa mashujaa wake, na huku jini huyo ndiye anayeabudiwa. Pembe za wanyama zimepigiliwa ukutani, mlango ni mfupi mpaka unainama, na ndani kuna mwamba mkubwa. Nendeni saa moja asubuhi. Saa nne msitu umejaa watu wenye sungura wa manyoya na yak, ng'ombe wa manyoya marefu, wa kupanda, wote wanadai picha.

Mkitaka theluji, handaki la Atal lenye kilomita 9, lililofunguliwa Oktoba 2020, linawavusha chini ya mlima hadi bonde la Lahaul kwa dakika chache. Huku mvua, kule jangwa la mawe. Rohtang, ile barabara ya zamani inayopita juu ya mlima, inahitaji kibali, na kwa maoni yangu haistahili usumbufu.

Picha zitawahusu ninyi pia. Kundi la Waafrika milimani ni sinema, na familia nzima itaomba kusimama nanyi. Tulikubaliana mtu yeyote akichoka aseme "duka limefungwa", na wote tunaondoka kwa tabasamu. Wengi wana nia njema. Anayewapiga picha bila kuomba, au anayetupa neno, mpuuzeni na msogee. Kubishana mtaani ugenini hakujawahi kutufaa.

Maneno mnayo mengi kuliko mnavyodhani. Chai, chapati, achari, dunia, kitabu, kalamu, lakini, wakati, hali: semeni kwa lafudhi yao kidogo, mtaeleweka. Duka ni dukaan, gari ni gaadi, pesa ni paisa. Dereva wetu wa Kullu alipotusikia tukihesabu "pesa" kiti cha nyuma aligeuka kabisa, na kona ilikuwa inakuja, tukapiga kelele "mbele!" kwa pamoja.

Basi la usiku la kurudi Delhi ni saa 12 hadi 14. Kateni viti vya katikati, juu ya tairi kunarusha. Mhazini afunge hesabu stendi, kabla ya kupanda, mbele ya wote. Tulipofunga yetu mara ya mwisho mfuko ulikuwa na rupia 340, na hakuna aliyetaka kuzigawa. Tukanunua tufaha za Kullu, boksi zima, tukala usiku kucha na konda akapewa lake.